Vidonda Ambavyo Sikuwa Navyo

Jumatatu, 3 Machi

Mshauri wa kliniki kanipa daftari. Anataka niandike kila siku mpaka muhula uishe, hata mstari mmoja. Nimelipokea kwa sababu jalada lake ni gumu. Sina mpango wa kumwonyesha mtu, yeye akiwa wa kwanza.

Haya, tuandike. Nina miaka kumi na sita. Mama ni dobi, na tunaishi nyuma ya duka lake: Mama, mimi, na Shangazi, dada yake baba, anayepiga pasi na kupiga domo, vyote kwa wakati mmoja. Baba anafanya kazi mbali na hupiga simu Jumapili. Nina ugonjwa ambao nyumbani kwetu umepewa jina la bandia: vidonda vya tumbo. Nitaeleza siku nikiwa na moyo wa kueleza.

Leo nimejiona kwenye kioo cha duka nikiwa na shuka la mteja begani. Nimejichukia vizuri tu, halafu nikaendelea kukunja.

Jumanne, 4 Machi

Mvua imeanza. Nguo hazikauki. Mama hasemeki.

Alhamisi, 6 Machi

Kliniki. Ni jengo la nyuma kabisa ya hospitali, ukishapita chumba cha jenereta, kana kwamba hata wao wanatuonea haya. Kuna benchi la plastiki lenye ufa katikati. Ukikaa vibaya linakubana nyama ya paja, na wote wanajua kilichokupata kwa sababu kiliwapata wao pia.

Tuko vijana saba kwenye kundi. Kuna msichana anayenawa mikono mpaka imechanika, vidole vyake vina magamba na harufu ya sabuni ya vyombo. Kuna kaka mrefu ambaye hasemi neno, anang'oa ngozi ya midomo na kuitafuna. Kuna mmoja anayelia kabla hajaulizwa. Leo yule wa mikono alikaa karibu nami nikasogea pembeni. Aliona nimesogea. Sikuona haya, niliona afadhali.

Mimi si kama wao. Wao ni wagonjwa. Mimi ni mvivu, nina roho mbaya, nimedekezwa, na mwaka jana nilishindwa kuamka wiki tatu mfululizo mpaka Mama akafikiri nimerogwa. Hilo si ugonjwa. Watu wenye shida za kweli huamka.

Shuleni nimeaga kwamba naenda masomo ya ziada ya hesabu. Alama zangu za hesabu zinashangaza walimu wote.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya makoti ya bucha. Bucha wa mtaa wa pili hutuletea makoti yake meupe sita kila Jumamosi, yakiwa yamekauka damu kifuani na mikononi, na mafuta yameganda kwenye mifuko. Kazi ya kuyaloweka ni yangu. Maji baridi na chumvi, usiku kucha, kwa sababu maji ya moto yataipika damu ndani ya kitambaa isitoke tena. Nikiingiza mikono nabana pumzi. Leo nimekuta kipande cha nyama kwenye mfuko, kimeshafika umri wa kutembea chenyewe.

Leo nina moyo wa kueleza. Mwaka jana daktari alipoandika dawa, Mama alitoka nje ya chumba akiwa ameshika ile karatasi kwa ncha za vidole. Tulipofika nyumbani akatafuta chupa tupu ya dawa ya vidonda vya tumbo aliyokuwa anatumia bibi, akaiosha kwa maji ya moto, akamimina vidonge vyangu humo. "Mtu akiuliza, tumbo," akasema. Kesho yake bucha ndiye aliyeuliza wa kwanza, kwa nini nimekonda, na Mama akamjibu papo hapo huku anamwandikia risiti. Jioni mtaa mzima ulikuwa unajua nina vidonda.

Tangu siku hiyo nakunywa maziwa. Wateja wananiletea maziwa. Shangazi ananichemshia maziwa na kusimama hapo mpaka niyamalize, na ule utando wa juu unanibandika kwenye mdomo. Maharage sipewi. Pilipili ikionekana karibu yangu inapigiwa kelele kana kwamba ni nyoka. Na chupa nakaa nayo kwenye mkoba wa shule, nimeze baada ya chakula cha mchana, kwa sababu Shangazi akikiona kidonge kimoja atataka kukijua ukoo wake.

Jumatatu, 10 Machi

Kijiko kanihamia dawatini. Ni binti wa yule bucha, na huitwa hivyo kwa sababu hutembea na kijiko kwenye mfuko wa sketi ili achangie chakula cha yeyote. Anatafuna mdomo wazi. Anacheka na chakula. Nampenda, lakini simwangalii akila.

Jumatano, 12 Machi

Kijiko ameniuliza hiyo hesabu ya ziada ananifundisha nani. Nikamwambia mwalimu mstaafu. Akasema, "Mstaafu wako ana bahati." Sikumwelewa.

Alhamisi, 13 Machi

Kliniki. Mrefu amesema neno moja: "Sijambo." Watu wakampigia makofi. Nilitaka kutapika.

Jumatatu, 17 Machi

Habari ya leo: Kijiko naye ana vidonda. Amesema kwa sauti katikati ya darasa, ameshika tumbo, akasamehewa mchakamchaka. "Umeniambukiza," akaniambia. Nikamwambia vidonda haviambukizi. "Basi nimejifunza kwako," akasema, akaangalia dirishani. Nilimcheka. Sasa tunaletewa maziwa wawili.

Ijumaa, 21 Machi

Duka zima linanuka uvundo. Mashuka ya nyumba ya wageni yamekaa siku nne kwenye kamba za ndani na bado ni mabichi. Shangazi anayapiga pasi hivyo hivyo, mvuke unapanda na harufu ya watu tusiowajua. Kijiko hali siku hizi. Kijiko chake sijakiona wiki nzima.

Jumatatu, 24 Machi

Vidonge vimepungua. Nilipaswa kuwa na kumi na tisa, nimehesabu kumi na moja. Nimevimwaga kitandani nikahesabu tena, kumi na moja.

Kwa hiyo nameza mara mbili bila kujua. Ndiyo hatua inayofuata, nadhani: kwanza huwezi kuamka, halafu huwezi kukumbuka kama ulimeza, halafu wanakufungia mlango. Hata kidonge siwezi kukimeza kama watu. Sitamwambia mtu. Nitakuwa nameza siku moja na kuacha moja, vifike siku ya kuchukua vingine.

Alhamisi, 27 Machi

Mshauri: "Unaendeleaje?" Mimi: "Vizuri." Akaandika. Sijui kwa nini analipwa.

Jumamosi, 29 Machi

Makoti. Niliacha mikono kwenye ndoo muda mrefu kwa sababu sikuona sababu ya kuitoa.

Jumapili, 30 Machi

Sikuamka.

Jumatatu, 31 Machi

Mama alinivuta miguu, akanivalisha soksi mwenyewe. Alikuwa analia kwa pua tu, machozi hayatoki. Nimeenda. Nywele zangu zinanuka na nazinusa mwenyewe na sijali.

Jumatano, 2 Aprili

Kijiko ametapika mstarini, mbele ya shule nzima, wakati mwalimu mkuu anasoma matangazo. Maji matupu ya njano, kwenye viatu vya dada mkuu. Mikono ilikuwa inamtetemeka na jasho linamtiririka, na mvua ilikuwa inanyesha, baridi. Nyuma yangu msichana mmoja akasema, "Wa mwezi wa ngapi huo?" Ikapita safu hadi safu. Kabla ya kengele ya kwanza alikuwa na mimba ya miezi mitatu na baba wa mtoto walishapatikana watatu.

Alhamisi, 3 Aprili

Sikwenda kliniki. Hili lazima niliandike lote, na niliandike lilivyokuwa.

Saa nne Matroni alimwita Kijiko kwenye chumba cha wagonjwa na mimi nikatumwa nimbebee mkoba. Matroni ni mwanamke wa mwili mkubwa anayevaa glavu kumgusa mwanafunzi yeyote. Alimpa kikopo akakojoe, akaweka kile kijiti cha kupimia mezani juu ya gazeti, akatazama saa. Kijiko alikuwa amekaa kitandani, magoti pamoja, anatazama sakafu. Kijiti kikatoa mstari mmoja. Matroni akakitikisa, akakiangalia tena kwa hasira. "Mapema mno," akasema. "Kitaonyesha wiki ijayo." Hakusema kwamba huenda hakuna kitu.

Halafu akaumwaga mkoba kitandani. Daftari, sidiria ya akiba, kile kijiko. Na karatasi ya daftari iliyokunjwa, akaikunjua, na ndani yake kulikuwa na vidonge vyangu.

Nilivijua mara moja. Nusu nyeupe, nusu kijani, nimevitazama kila mchana mwaka mzima. Kichwani nilisikia kitu kimoja tu, na ni aibu kukiandika: furaha. Sikuwa nimechanganyikiwa. Sikuwa nameza mara mbili. Mwizi ni yeye.

"Hivi ni nini?" Matroni akauliza.

"Dawa ya tumbo," Kijiko akasema. Akanitazama. Hakunitazama kwa kuomba. Alinitazama basi tu, kama mtu anavyoangalia mlango kuona kama utafunguliwa.

Na Matroni akageukia kwangu, kwa sababu shule nzima inajua bingwa wa vidonda ni mimi. "Ndiyo dawa yenyewe hii?"

Ningesema nini? Ningesema hapana, ni ya kichwa changu, ni ya wale wa jengo la nyuma. Ningeona jinsi anavyoongeza glavu ya pili. Nikasema, "Ndiyo, Matroni."

"Basi meza, binti," Matroni akamwambia, akampa maji. "Usipomeza dawa tumbo litaponaje?" Kijiko akachukua viwili, akavimeza mbele yangu. Matroni akamfungia vilivyobaki kwenye ile karatasi, akamwandikia barua ya kukaa nyumbani mpaka mzazi aje na maelezo.

Nilibeba mkoba wake mpaka getini. Nilikuwa na kilomita nzima ya kusema. Niliongelea mvua.

Ijumaa, 4 Aprili

Atakuwa anafikiri ni vya vidonda. Tumbo likizidi kuuma atazidi kumeza, na akizidi kumeza litazidi kuuma. Najua hivyo. Mtoto wa darasa la pili angejua hivyo. Nimekula, nimeosha vyombo, nimefanya zoezi la fizikia.

Jumamosi, 5 Aprili

Makoti yameletwa na kijana wa kazi wa duka la bucha, si bucha mwenyewe. Mama akayapokea, akasubiri mlango ufungwe, akamwambia Shangazi, "Umesikia ya binti yake? Na baba mtu alivyokuwa anajidai." Shangazi akaweka pasi chini kabisa, jambo ambalo halifanyi hata mtu akifa. Waliongea saa nzima. Waliilamba ile habari kama sahani.

Nilimwangalia Mama, yule aliyeosha chupa kwa maji ya moto ili mtu asinisengenye mimi, nikaona meno yake yote. Nilimchukia. Halafu nikakumbuka nani anajua ukweli kati yetu watatu, chuki ikarudi nyumbani kwake.

Jumapili, 6 Aprili

Nimemwambia Mama. Tulikuwa tunakunja mashuka, yeye pembe mbili, mimi pembe mbili, ni mahali pazuri pa kusema jambo kwa sababu mtu hawezi kuachia. Nilisema kila kitu, hata maji Matroni aliyompa.

Mama aliendelea kukunja mpaka tukakutana katikati. "Kuna mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi nyamaza. Mimba haipo, itajulikana yenyewe. Vidonge vikimwishia ataacha."

"Na vikimdhuru?"

"Wewe vimekudhuru?" Akanichukulia shuka mikononi. "Mwanangu, watu hawa nawajua. Leo ukisema, kesho hakuna atakayekuoa wala kukuajiri. Watakuwa wanakuita jina moja mpaka uzeeke. Nimekufunika mwaka mzima, usijifunue mwenyewe."

Mikono yake imevimba kwa sabuni, kucha zimelainika. Alisema kwa upendo, hilo nilimwona nalo. Nikanyamaza, kwa sababu nilipata ruhusa niliyokuwa naitaka.

Jumatatu, 7 Aprili

Shangazi karudi sokoni na habari: binti wa bucha anatapika damu. Si nyingi, michirizi. Baba yake amesema haendi naye hospitali yoyote mpaka amtaje mwanamume. "Ameapa," Shangazi akasema. "Na yule akiapa ameapa."

Mama hakuniangalia.

Jumanne, 8 Aprili

Nimemwambia bucha. Nitaandika upesi kabla sijaanza kuipamba.

Sikwenda shule. Nilikwenda bucha na sare yangu, mvua ikinipiga. Ni duka lenye vigae vyeupe, maji ya waridi yanatiririka kwenye mfereji sakafuni, ndoo ya utumbo mlangoni. Foleni ilikuwa ya watu wanane hivi. Nilimwona mwalimu wa kwaya. Nilimwona jirani mwenye saluni, mteja wetu wa mashuka. Nilipita pembeni mpaka kwenye meza ya kukatia.

"Shikamoo, baba. Naomba tuongee ndani."

"Marahaba. Foleni iko kule." Hakuinua kichwa. Alikuwa anapasua mbavu, na chembe za mfupa zilikuwa zinaruka. Macho yake yalikuwa mekundu, hajalala.

"Ni habari ya mwanao."

Shoka likasimama. Foleni nzima ikasimama nalo, mtu mmoja aliyekuwa anahesabu chenji akaacha. "Kama umemjua mwanamume," akasema, "mtaje hapo hapo uliposimama. Sina cha kuficha tena, mmeshakimaliza."

"Hana mimba."

"Wewe umempima?"

"Anameza dawa zangu. Alizichukua kwenye mkoba wangu. Ndizo zinazomtapisha. Mpeleke hospitali leo, uende na hii." Nikaweka chupa mezani, kwenye maji ya nyama. Kibandiko kilisema vidonda vya tumbo kwa herufi za bluu.

Aliichukua kwa vidole vyenye damu, akasoma. "Dawa ya vidonda," akasema. "Dawa ya vidonda haimtapishi mtu damu. Mnanichezea."

Hapo ndipo palikuwa mwisho wa njia. Ningeweza kuondoka nikasema nimejaribu. Nilisikia harufu ya ile ndoo, nilijisikia mwenyewe, sare mbichi, kwapa, woga. Nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga, "Sina vidonda. Sijawahi kuwa na vidonda. Ni dawa za ugonjwa wa akili. Mama alizihamishia kwenye chupa hii watu wasijue. Natibiwa jengo la nyuma kila Alhamisi. Mwanao hakujua, alidhani ni za tumbo. Ukiwaambia hospitali ni za tumbo watakosea."

Kisha nikataja jina la dawa, na nikalirudia, na mwalimu wa kwaya, sijui kwa nini, akatoa kalamu akaliandika nyuma ya risiti na kumpa bucha.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo nililokuwa nalingoja mwaka mzima, kicheko. Mwenye saluni alifanya kitu kingine: alivuta mkoba wake, ule uliokuwa karibu nami, akaukumbatia. Kidogo tu. Nilijua mwendo ule. Ni mwendo wangu, ule wa kwenye benchi, nilipomkwepa yule wa mikono. Nilijisikia uchafu mpaka kwenye meno.

Bucha alivua koti lake hapo hapo, akalitupa juu ya nyama, akatoka mbio kwenye mvua na foleni akaiacha.

Jumatano, 9 Aprili

Yuko hospitali. Koo lilichanika kwa kutapika, ndiyo hiyo damu. Siku nyingine alimeza vitatu, vinne kwa mkupuo. Daktari amesema angeendelea wiki moja zaidi lingekuwa jambo jingine. Atapona.

Mama hajasema nami tangu jana. Anaongea na Shangazi akiwa ananitazama mimi: "Mwambie chakula kipo." Shangazi, ambaye mwaka mzima amenichemshia maziwa, amekaa kimya, na kimya cha Shangazi kinatisha kuliko mvua. Mwishowe akaniuliza, "Kwa hiyo maharage ulikuwa unaweza kula?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Mwaka mzima," akasema. Ameudhika kwa ajili ya maharage. Nilimshukuru moyoni.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimechukua dawa mpya. Nimemeza mezani, mbele yao.

Jumamosi, 12 Aprili

Makoti hayakuja. Wateja wawili wamefuata nguo zao kabla hazijaoshwa, wakasema wanasafiri. Kisha akaja mwenye saluni na mashuka yake kumi na mawili, akamwinamia Mama juu ya kaunta. Nilikuwa nyuma ya pazia la duka, nikasikia vizuri.

"Sina neno na mtoto, maskini. Ila naomba zangu asizishike yeye. Unajua tena."

Mama alikuwa ameshazipokea. Ameshaandika risiti. Mwaka mzima Mama angejibu hapo hapo, ana jibu tayari kwa kila mdomo. Leo aliinyoosha ile risiti kwanza. Nilifikiri anatafuta uongo mwingine na nikamchukia kabla hajaupata.

"Mashuka yako anayafua yeye," Mama akasema. "Miaka miwili sasa. Yale madoa uliyosema hakuna dobi mwingine anayeyatoa, anayatoa yeye." Akausukuma ule mzigo upande wa pili wa kaunta. "Chukua."

Mwenye saluni aliuchukua. Mama aliingia nyuma, akanikuta, akanipita bila neno, akaenda kupiga kelele kwenye mashine kwamba inavuja. Haivuji.

Jumanne, 15 Aprili

Nimekwenda kumwona Kijiko nyumbani kwao. Baba yake alinifungulia, akanipisha, hakuniangalia usoni, akasema, "Ahsante," na kwenda dukani. Kijiko amekonda, midomo imepasuka. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikaanza hotuba niliyoiandaa: kwamba nasikitika, kwamba ningesema siku ile mbele ya Matroni, kwamba yeye hakujua.

"Nilijua," akasema.

Hotuba yangu ikaishia hapo.

"Nilikufuata Alhamisi moja. Nilitaka kumwona huyo mstaafu. Nikakuona kwenye benchi." Alikuwa anavuta uzi wa blanketi. "Nilijua ni za nini. Ndiyo maana nilizichukua."

"Na vidonda?"

"Uongo wako ulikuwa mzuri. Watu wanakuletea maziwa. Nikauazima." Alijaribu kucheka, koo likamuuma. "Tangu mwaka jana nikiamka naona afadhali nisingeamka. Nikila sisikii ladha. Unadhani kwa nini nilikuwa nachota kwa kila mtu? Nilikuwa natafuta chakula chenye ladha. Nikadhani nikimeza vingi vitafanya kazi haraka, niache, mtu asijue."

Nilimuuliza kwa nini hakusema hata pale baba yake alipoapa. Kwa nini aliacha shule nzima imwite vile.

"Mimba watu husahau," Kijiko akasema. "Mtoto akizaliwa wanakuja kumbeba. Hii hawasahau."

Nilikasirika mpaka nikasimama. Nilimwambia ananitia kichefuchefu. Kwamba nilivuka foleni ile, nikasema vile mbele ya watu, nikimtetea kwamba hakujua, kumbe yeye amelala hapa anajua, ananitazama mimi niingie matopeni peke yangu. Alikuwa anaitikia kwa kichwa kila neno. Nilipomaliza sikuwa na mahali pa kwenda, nikakaa tena. Maana kila alichokisema nimekisema mimi, humu humu, kwa mwandiko huu. Kama yeye anatia kinyaa, tunatia wote wawili. Na nikimtazama pale, na ule uzi wake wa blanketi, nilikuwa sioni kinyaa. Nilitafuta. Niliona mtu anaumwa.

"Usimwambie baba," akasema.

"Simwambii. Utamwambia wewe siku ukiweza. Lakini Alhamisi saa tisa nakupitia."

"Nitamwambia naenda wapi?"

Nilifikiri kidogo. "Mwambie unanisindikiza mimi. Mimi nimeshajulikana."

Alhamisi, 17 Aprili

Tumekwenda. Mvua ndogo. Kijiko alitembea hatua moja nyuma yangu njia nzima, na tulipopita chumba cha jenereta alinishika sketi.

Mpokezi akauliza mgonjwa ni nani. Kijiko akaninyooshea kidole mimi. Ningemwacha pale pale.

"Huyu namjua," mpokezi akasema. "Nauliza huyo mwingine. Ni mgeni au ni mgonjwa?"

Aliyekuwa nyuma yetu akakohoa. Yule wa mikono alikuwa kwenye benchi. Alituona, akasogea, akaacha nafasi ya watu wawili, upande usio na ufa.

"Nipe fomu," Kijiko akasema.

Aliijaza akiwa amesimama, akiiegemeza mgongoni kwangu, nikahisi kalamu ikipita kwenye sare. Aliponipa niisome, kwenye mstari wa tatizo alikuwa ameandika "tumbo". Nilikuwa na kalamu mkononi. Ningeweza kulikata mwenyewe. Nikamrudishia fomu na kalamu, nikageuka, nikampa mgongo tena aandikie.

Alikata. Nilisikia alivyokata, mistari mingi. Halafu akaandika polepole, neno moja moja, nami sikusoma. Mpokezi ndiye aliyesoma, kwa macho tu, bila kubadilisha uso, akapiga muhuri.

"Kaeni," akasema. "Ninyi ni wa nne na wa tano."